Mjadala: Kinyozi na dereva wa teksi walipie muziki? Mimi nasema hapana

Msikilizaji wa Busia:

Ndugu zangu, hoja ya leseni za muziki imerudi tena, na safari hii nataka tuijadili mpaka tuelewane. Upande mmoja unasema sheria yetu ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 iko wazi: anayepiga kazi ya mtu hadharani alipe, awe hoteli kubwa ya Kampala au kinyozi wa hapa Busia mwenye spika moja mlangoni. Wa kukusanya wapo, UPRS, chama cha kukusanya malipo ya watunzi wa muziki. Upande wa pili, nami nimo, unasema redio zilipe, hoteli zilipe, disko zilipe, lakini kinyozi, teksi na mama wa kibanda cha chai waachwe.

Nasema hivyo kwa faida ya wanamuziki kwanza. Bendi humpata shabiki pale mtu anaposikia wimbo ambao hakuuchagua, akageuka na kuuliza, "Hawa ni akina nani?" Ukipanyamazisha mahali hapo, hata huyo wa kununua tiketi kesho humpati.

Muulizeni shabiki yeyote wa Afrigo alianzia wapi. Bendi ile ipo tangu 1975, na Moses Matovu na saksofoni yake amewapigia wazazi, watoto na wajukuu. Ni wangapi walianza kwa kulipa kiingilio? Wengi wetu tuliwasikia waimbaji wake hivi: Joanita Kawalya kwenye teksi, au Rachael Magoola kwenye arusi ya jirani, akiimba "Obangaina". Wimbo ule ni wa Kisoga. Umependwa na watu wasiojua neno hata moja la Kisoga, na mama yule leo ni mwanasiasa aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Bugweri mwaka 2021. Nani kati yetu angekwenda dukani kuulizia wimbo wa lugha asiyoijua?

Na hata muziki wa roki, ambao hapa kwetu wengi huuona wa wazungu, umeingia kwa mlango huo huo. Bendi ninayoipenda ni Queen ya Uingereza, na sikuipata redioni wala kwa rafiki. Jirani na tulipokuwa tukiishi palikuwa na fundi redio. Kila akimaliza kutengeneza deki ya mtu aliijaribu kwa kanda moja, kwa sababu kwenye "Bohemian Rhapsody" kuna sauti zinazorukia spika ya kushoto kisha ya kulia, na akisikia hivyo alijua spika zote mbili ziko hai. Mimi mtoto nilikuwa nikisimama pale barazani kuzingoja hizo sauti. Jina la bendi sikulijua. Nilipokuja kuambiwa kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, Farrokh Bulsara kwa jina la nyumbani, nilitaka kujua kila kitu: wenzake, albamu zao, kwa nini familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Yule fundi alitakiwa kuwa na leseni? Kwa kuisoma sheria neno kwa neno, pengine. Lakini amewatengenezea Queen shabiki wa maisha, na kanda zao nimenunua kwa pesa yangu.

Wimbo wenyewe una historia inayoniunga mkono. Mwaka 1975 wakubwa wa kampuni yao ya rekodi waliuona mrefu mno kwa redio, karibu dakika sita. Kabla haujatoka, mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London akapata nakala, akaupiga mara 14 katika siku mbili. Watu wakaenda madukani kuutafuta kabla haujafika. Ulipotoka ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Wale wasikilizaji hawakuwa wameomba kusikia Queen. Walikuwa wamefungua redio tu.

Wadogo zetu nao wameijua Queen kwa filamu ya 2018, "Bohemian Rhapsody", na wengine wanaujua ule mdundo wa miguu miwili na kofi moja wa "We Will Rock You" kutoka kwenye michezo ya shule, bila kujua ni wa nani. Kuna wakongwe wanaowadharau hao wa filamu. Mimi siwadharau hata kidogo. Kila mtu na mlango wake.

Sasa tufanye nini? Marekani ina kanuni tangu 1998: duka lisilofika futi za mraba 2,000 likifungulia redio tu halilipi leseni, maana kituo kimeshalipa. Nisifiche kwamba nchi za Ulaya zililipinga jambo hilo kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2000 zikashinda. Lakini kanuni ipo mpaka leo, na wanamuziki wa huko hawajafa njaa kwa sababu ya vinyozi. Hapa ng'ambo yetu, Kenya, matatu na saluni zimedaiwa leseni miaka na miaka, na bado wanamuziki wa Kenya wanalalamikia mgao mdogo.

Mpiga besi wa Jinja:

Kaka, umeandika kwa moyo, ila unaongea kama shabiki. Sisi wa jukwaani tunakula nini? Mapenzi ya mtu hayalipi karo. Teksi ya viti 14 inapiga nyimbo zetu kutwa nzima. Flashi ile imejazwa kwenye laibrari ya mtaani, kile kibanda cha kunakili nyimbo, nyimbo mia kwa shilingi chache, na mtunzi hakuona hata senti. Dereva akipandisha abiria wengi kwa sababu ya muziki, huo muziki ni mtaji wake kama petroli. Petroli analipia. Na usiniambie ananitangaza: nimetangazwa miaka mingi, na besi ninayopiga ni ya kuazima.

Msikilizaji wa Busia:

Kaka, hilo la laibrari umelisema sawasawa, na nakuunga mkono kwa nguvu zote. Yule anauza wimbo wenyewe. Alipe, tena awe wa kwanza kufuatwa. Makampuni ya simu yanayouza miito ya nyimbo, yalipe. Baa inayotoza kiingilio, ilipe.

Ila hapo kwa dereva sikubali. Njoo stendi ya hapa kwetu asubuhi. Teksi zinaondoka kwa zamu. Abiria anaingia inayojaa sasa, hata kama inapiga mahubiri. Hakuna anayeacha gari la zamu akangoje lenye Afrigo. Ukimtoza, atazima, na abiria 13 waliokuwa wasikie besi yako kuanzia Bugiri hadi Mukono watasikia injini. Tena kumbuka gharama ya kumtuma mtu azunguke kila saluni ya kila mji kukusanya hizo shilingi: mshahara wake na nauli yake vitatoka kwenye fungu lako wewe.

Basi tuchore mstari, na wengine mseme. Tupime kwa ukubwa wa chumba kama Marekani, kwa idadi ya spika, au kwa kiingilio? Mimi nachagua kiingilio: palipo na tiketi ya mlangoni pana leseni, na redio, runinga, hoteli na laibrari zilipe zote bila kusamehewa. Kaka wa Jinja, wewe ungeuchora wapi?