Dereva wa tipa aliyegongwa machimboni: apimwe nini kabla ya kurudi kazini?

Kokoto_Tatu
Wakuu, salaam. Namuulizia dereva wa tipa la tairi kumi, miaka 46, machimbo ya kokoto mkoani Pwani. Tipa lilikuwa linashuka rampu, kijiko kikarudi nyuma bila mtu wa kukiongoza, wakavaana. Goti la kulia liligonga dashibodi, paja likavunjika, akawekewa chuma ndani ya mfupa. Kichwa kiligonga nguzo ya kabini. Huu ni mwezi wa nne tangu ajali. Anatembea, ila kinena na kiuno vinamuuma, na anasahausahau. Mwajiri anamtaka arudi mwezi ujao, tena asaini karatasi kwamba hana madai. Mnashauri nini?

Pingili_Moja
Mkuu, anza na hicho kinena. Goti likigonga dashibodi, kishindo hakiishii kwenye paja, hupanda hadi nyonga. Paja likivunjika hivyo, shingo ya mfupa huohuo, pale unapoingia nyongani, inaweza kupata ufa, na ufa huo hupitwa mara nyingi kwa sababu macho ya wote yako kwenye paja. Aombe eksirei ya nyonga yenyewe, mguu ukizungushwa ndani kidogo, nyuzi 15 hivi, ili shingo ionekane kwa urefu wake. Aulize pia kama nyonga ilichomoka siku ile. Iliyochomoka, hata ikirudishwa vizuri, inaweza kukosa damu kwenye kichwa cha mfupa, nacho kikaporomoka mwaka mmoja au miwili baadaye. Mwanzoni eksirei huwa safi kabisa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo huona mapema.

Goti nalo lisisahaulike. Alale chali, akunje goti nyuzi 90, mtazame kwa ubavuni: ugoko ukizama nyuma kuliko wa mguu wa pili, ligamenti ya nyuma ya goti, yaani kamba inayoshikilia mifupa, imekatika. Mtu wa namna hiyo hutembea tambarare bila shida, lakini kushuka ngazi za kabini goti linamkataa.

Kiuno: eksirei apigwe akiwa amesimama. Pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea huweza kuonekana nzuri akiwa amelala, ikaporomoka akibeba uzito wake mwenyewe. Ganzi sehemu anayokalia, mkojo kugoma au miguu yote miwili kulegea, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kusahau na hasira baada ya kugonga kichwa ni jambo la kawaida, na huweza kudumu miezi mingi. Lakini maumivu ya kichwa yakizidi, akawa anasinzia mchana au anaburuta mguu, apelekwe kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, bila kusubiri. Damu inaweza kujikusanya polepole chini ya fuvu kwa wiki kadhaa. Kifafa nacho huweza kuanza hata baada ya mwaka, kwa hiyo akizimika kidogo tu asiguse usukani mpaka daktari aseme.

Siti_ya_Upepo
Niongezee upande wa kabini. Nguvu ya kukanyaga breki huchukua kama wiki sita kurudi, tena hesabu inaanza pale alipoanza kukanyagia mguu. Siku ya upasuaji haihesabiwi. Ajaribiwe tipa likiwa limesimama: breki ya ghafla mara kumi mfululizo bila kuusaidia mguu kwa mkono.

Siti ipangwe kwa uzito wake, ikae katikati ya nafasi yake ya kupanda na kushuka. Ikiwa chini sana, kila shimo inagonga mwisho na mgongo ndio unaopokea. Watu hudhani mzigo ndio unaoumiza. Tipa tupu ndilo linalorusha zaidi, springi zake ni ngumu. Kwa hiyo kurudi tupu ndiko apunguze mwendo. Aanze na nusu zamu.

Kabrasha
Hiyo karatasi asisaini. Tanzania Bara fidia ya kuumia kazini inapitia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ajali lazima iwe imetaarifiwa ndani ya miezi 12. Huu mwezi wa nne, muda upo. Akiwa hawezi kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana kinena na kumbukumbu viandikwe kwenye faili la hospitali sasa, kwa tarehe. Nyonga ikiporomoka mwakani na faili linasema "paja" tu, kazi ya kuthibitisha ni yake. Kama hana mkataba, akusanye miamala ya mshahara kwenye simu na risiti za mizani zenye jina lake.

Kokoto_Tatu
Nashukuru sana. Kwa maumivu, usiku bado anameza tramadol, na diklofenaki kila siku.

Pingili_Moja
Tramadol na usukani havikai pamoja, na kwa aliyegonga kichwa inaongeza hatari ya kifafa. Amwambie daktari waipunguze taratibu, asiikate ghafla. Diklofenaki ya miezi minne: apime presha na figo wiki hii, na choo kikiwa cheusi aende hospitali mara moja.