Mrejesho: karoti zangu za Ruai zilizopauka

Wadau, niliuliza kwa nini karoti ninazolima uani hapa Ruai, mashariki mwa Nairobi, hutoka fupi na zimepauka, ilhali za soko la Marikiti zinang'aa, na kama kukosa rangi ni kukosa vitamini A. Asanteni kwa majibu.

Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Rangi ile hutokana hasa na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karoti huijenga vizuri penye ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 21 hivi. Udongo wetu mweusi hushika joto, ukikauka unapasuka. Limuru kuna baridi na udongo mwekundu uliolegea, kwa hiyo tusishindane nao. Nilitandaza nyasi kavu, nikachanganya samadi iliyooza vizuri, nikaziacha zikomae kabisa kabla ya kung'oa. Rangi imekolea. Urefu bado ni aibu, lakini mchuzi hauulizi urefu.

Aliyenishauri mbolea ya yurea, pole, sikuitumia: naitrojeni ikizidi unavuna majani, na mizizi kama bitiruti hulimbikiza naitreti, yaani chumvi ya naitrojeni. Na maji ya Mto Nairobi, hapana kabisa! Madini ya risasi hujikusanya kwenye mizizi, na mizizi ndiyo tunayokula.

Kwa viazi vitamu, aina ya mbegu ina nguvu kuliko udongo. Kiazi cheupe hata ukikilima Limuru hakitakuwa na karotini ya maana. Nimepanda aina ya Kabode, yenye nyama ya rangi ya machungwa. Marando yakizidi nitawagawia majirani wa huku.