Mrejesho: pampu ya vakyumu iliyokuwa ikifa mara kwa mara

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliomba ushauri kuhusu pikapu yangu ya dizeli ya mwaka 1994, ambayo pampu yake ya vakyumu, ile iliyofungwa nyuma ya altaneta na inayonyonya hewa ili busta ilainishe breki, ilikufa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila ilipokufa pedeli ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilimfuata aliyesisitiza nikague njia ya oili kabla ya kununua pampu ya nne, naye ndiye aliyepatia. Fundi alipofungua bolti inayopitisha oili, tulikuta tundu lake limezibwa na masizi magumu, meusi kama lami, hata waya mwembamba ulipenya kwa shida. Kwa kukosa oili, mapezi ya pampu, yaani vibapa vinavyozunguka ndani yake, yalikuwa yakisagika makavu. Tulibadilisha bolti, mpira wa kurudishia oili na pampu yenyewe. Nimekwisha kutembea kilomita 4,000, na geji ikifungwa kwenye pampu inasoma inchi 25 za zebaki, yaani mvuto mzuri, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Ushauri wa kubadilisha valvu ya njia moja, ile inayozuia hewa isirudi kwenye busta, haukusaidia. Pedeli bado ni ngumu kidogo asubuhi, na busta inatoa mluzi ninapokanyaga breki. Busta hiyo nitaibadilisha wiki ijayo. Hadi hapo, gari halipakii mzigo.