Mi Amigo ya Radio Caroline ilizamishwa na nini?

Wakuu, meli hii ya redio ya maharamia (yaani iliyotangaza bila leseni) ilizama nje ya pwani ya Uingereza, Machi 1980. Ni dhoruba tu?

— Dhoruba ilimalizia. Ilijengwa 1921! Mnyororo wa nanga ulikatika, ikakwama kwenye fungu la mchanga la Long Sand, maji yakazishinda pampu. Mlingoti ulibaki juu ya maji hadi 1986.

— Mimi nachomelea meli Mombasa. Bati zima ukiligonga nyundo hulia ngaa. Lililoliwa na kutu hutoa sauti ya boga, maganda yakakujaa kiganjani. Chombo kisichopandishwa chelezoni (mahali pa kutengenezea meli nje ya maji) miaka mingi huliwa kimyakimya. Kulaza watu humo kunaniuma sana.

— Na mabaharia?

— Wote waliokolewa na boti ya uokoaji ya mji wa Sheerness, pamoja na ndege wao kanari. Alhamdulillahi.