Mbio zimeniishia utamu, naomba ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi, Soweto. Mwaka juzi nilianza kukimbia na nikapenda mno. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, natoka hadi Shantytown, chini ya ile miti mikubwa. Mlima ukiwa wazi, theluji ya Kibo inageuka rangi ya waridi kwa dakika chache tu kabla jua halijapanda. Narudi nyumbani naimba.

Nikajiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21. Ule mpando wa kuelekea Mweka ulinimaliza, lakini niliingia uwanja wa Ushirika machozi yananitoka kwa furaha. Baada ya hapo nikanunua saa ya kupima mwendo. Sasa kila kilomita naitazama. Nikiona dakika nane, roho inaniuma, na kesho yake kutoka siwezi. Hii ni wiki ya tatu raba ziko nyuma ya mlango, na udongo mwekundu umekaukia kwenye soli.

Mume wangu anasema nipumzike tu. Kuna mwalimu wa mazoezi alinipa ratiba kali zaidi, nikaiweza siku nne. Jamani, mimi sitafuti medali, nautaka ule moyo wa asubuhi.

Mliopitia hili, mlifanyaje? Saa niiache nyumbani kabisa? Nitafute wenzangu wa kukimbia nao, au nibadili njia, labda msitu wa Rau? Na kule alfajiri, mwanamke peke yake, kukoje?