Mrejesho: ile ishu ya spika za besi

Wakuu, mi napiga gitaa la besi, ndo yule niliuliza humu ninunue boksi moja kubwa lenye spika nne za inchi 10 au maboksi mawili madogo yenye spika moja moja ya inchi 12. Nimechukua madogo, kila moja omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nikiyaunga sambamba inakuwa omu 4, ukinzani unashuka, na ampu yangu (mashine ya kukuza sauti) ya wati 500 inatoa nguvu yote, ukumbi mdogo nabeba moja tu, nguvu inapungua ila mgongo unapumzika. Jana tumepiga shoo, mwanzo besi inavuma tu mpiga drams hata hanisikii, kumbe nimejaza besi kwenye ampu 😅 nikapunguza, nikapandisha sauti za kati kidogo, noti zikaanza kutoka moja moja. Gitaa sijabadilisha, nimeweka nyuzi mpya tu.