MAX485 kwenye volti 3.3: mafundi, nani aliwaambia inaruhusiwa?

Wakuu salaam. Leo naomba niseme bila kumung'unya maneno: fundi anayeilisha MAX485 (chipu ya volti 5 ya kupitisha data kwenye waya mrefu) volti 3.3 halafu akamkabidhi mteja na kuchukua hela yake, anamwibia.

Nimeitwa Kibaha, shamba la mboga. Kisima kiko bondeni, tanki liko kilimani, kati yake waya wa kama mita 400. Aliyenitangulia kafunga ESP32 mbili (vile vikompyuta vidogo vyenye Wi-Fi), moja kwenye tanki inasoma kina cha maji, nyingine kwenye banda la pampu, zinaongea kwa RS-485, yaani data inapita kwenye waya mbili, A na B, na ujumbe ni tofauti ya volti kati yake. Kwa macho kazi nzuri sana. Boksi safi, waya zimebanwa, mpaka stika ya namba yake ya simu kabandika. Ila pampu ikiwaka tu, mawasiliano yanakata. Tanki linajaa, amri ya kuzima haifiki, maji yanamwagika usiku kucha na uniti za Luku zinateketea. (Kwa nini pampu haikupangiwa izime yenyewe ikikosa taarifa? Huo ni uzi mwingine, nikiuanza hapa sitamaliza.) Mzee mwenye shamba ameshang'oa waya wote na kununua mpya kwa ushauri wa fundi huyohuyo. Wote, jamani!

Nafungua boksi, nakuta kile kimoduli cha bluu tunachokijua sote, VCC yake, pini ya kuingizia umeme, imechomekwa pini ya 3V3 (volti 3.3) ya ESP32. Pande zote mbili. Nampigia jamaa, ananijibu: "Mkuu, mbona mezani ilikuwa inapiga kazi?"

Mezani ulikuwa na waya wa urefu wa mkono, hakuna mota, umeme mmoja, ardhi (GND) moja. Hapo hata chipu mgonjwa itaongea. Datashiti ya MAX485 imeandika volti 4.75 hadi 5.25, basi. Zile volti 1.5 kati ya A na B, ambazo chipu inaahidi kuzitoa ikiwa na mzigo wa omu 54, ni ahadi ya kwenye volti 5. Transista za ndani zenyewe zinakula sehemu ya umeme kabla haujatoka nje. Ukianzia 3.3, kinachobaki ni kidogo, na hakuna aliyekuahidi ni kiasi gani. Moduli hii itatoa hiki, ya kesho kutoka boksi lilelile itatoa kile.

Niliweka osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, upande wa tanki wakati banda la pampu linatuma. Kati ya A na B nikapata nusu volti hivi. Mpokeaji anataka angalau milivolti 200 ili aelewe, kwa hiyo pampu ikiwa imezimwa data inapita na fundi anatembea kifua mbele. Pampu ikiwaka, makelele ya mota yanapanda juu ya hiyo nusu volti na kila ujumbe unafika umevurugika. Na mpokeaji naye yuko kwenye 3.3! Ule uwezo wa kuvumilia tofauti ya ardhi kati ya ncha mbili, kutoka volti -7 hadi +12, nao umeahidiwa kwenye volti 5 tu. Ongeza kwamba pini hiyohiyo ya 3V3 inatumiwa na Wi-Fi, ambayo ikirusha data inavuta mamia ya miliampia kwa mapigo mafupi. Nikahamisha VCC kwenye volti 5 pande zote, waya ule ule, nikapata zaidi ya volti 1. Pampu ikawaka, data ikaendelea kupita.

Najua utetezi wenu: "Volti 5 itaua pini za ESP32." Hofu hiyo ni ya kweli, ila zaidi ni ya pini moja, RO, ndiyo inayotoa data kwenda ESP32. Weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka RO kwenda kwenye pini ya ESP32, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo kwenda ardhi, unapata 3.3. DI (inayopokea data ya kutuma) na DE (inayoruhusu kutuma) zinahesabu volti 2 kuwa tayari ni "1" ya kidijitali, kwa hiyo ESP32 inaziendesha bila shida. Rezista mbili! Bei yake haifiki hata ya soda, na mzee wa watu kanunua waya mpya wa kilima kizima.

Hutaki rezista? Nunua MAX3485 au SP3485. Hizo zimetengenezwa kwa 3.0 hadi 3.6 na zinatoa volti 1.5 zilezile. Kwa hiyo msije hapa kuniambia eti nachukia 3.3. Nachukia chipu ya 5 kuvalishwa 3.3.

Na nyie wauzaji mtandaoni mnaoandika "3.3V–5V" kwenye tangazo la moduli ya MAX485, mmeitoa wapi? Nilimuuliza mmoja, akanijibu kwamba taa inawaka. Taa! LED ya moduli inawaka kwa volti 2, mnataka na chipu tuiendeshe kwa hizo?

Anayejua duka Kariakoo lenye SP3485 ya kweli, si MAX485 iliyofutwa maandishi ikaandikwa upya, atupie hapa pamoja na bei. Nahitaji nne. Na yule mwenzangu wa Kibaha, najua humu unapita: stika yako bado ipo kwenye boksi na mzee anaisoma kila siku. Mrudishie hela ya waya.